Ukimwalika griot, mwandalie majina kwanza

Mleta mada anasema jumuiya yao huko Kanada imempata mama griot kutoka Mali, yaani msanii wa kurithi anayetunza na kuimba historia za koo, na anauliza wampe dakika ngapi kwenye sherehe yao kabla ya disko. Naishi Montreal, na humsaidia mama mmoja wa kazi hiyo kupanga shughuli zake, kwa hiyo nijibu kwa niliyoyaona.

Msimchukulie kama bendi. Jeli, kama wenyewe wanavyojiita, huzaliwa kwenye kazi. Akina Kouyaté, ukoo wa majeli, huhesabu nasaba yao hadi kwa Balla Fasséké, jeli wa Sundiata Keita aliyeasisi dola ya Mali karne ya 13. Wao hutunza nasaba, husuluhisha magomvi, hupeleka posa. Wimbo ni chombo cha kazi hiyo.

Bamako, mji mkuu wa Mali, jeli akiingia harusini anajua wa ukoo wa Keita ni nani na wa Traoré ni nani. Huku ukumbi mzima umejaa watu asiowajua babu zao. Mama ninayemsaidia hufika mapema, akakaa na wageni mmoja mmoja: baba yako nani, babu alifanya kazi gani, mlitoka wapi? Mimi Mhaya nilipomweleza habari za wapiga enanga wetu, zeze la Kihaya, wanaoimba mashujaa, hakuniachia mpaka nimwimbie kipande.

Siku moja bibi mmoja mzaliwa wa Quebec alimtajia babu yake, mkata magogo. Usiku mama akachukua karinyan, kile kibomba cha chuma kinachokwaruzwa kwa kijiti cha chuma, akalitaja jina la yule mzee kwa Kibambara, akarudia, sauti ikipanda, mkono umemwelekea bibi. Bibi alisimama kabla hatujamtafsiria chochote, machozi yanamtoka.

Msihofu kwamba vijana watachoka. Mwimbaji Djely Tapa, binti wa Kandia Kouyaté, jeli maarufu wa Mali, yuko hapa hapa Montreal. Huchanganya uimbaji wa kijeli na midundo ya kielektroniki, na mwaka 2020 alipata Juno, tuzo ya muziki ya Kanada.

Kwa hiyo mpeni saa nzima, kabla ya chakula, taa zikiwaka, na maiki isiyo na waya ili afike kwenye meza za watu. Wiki moja kabla, mpelekeeni majina ya familia na wazee wao. Watangazieni wageni kwamba jeli hutunzwa mkononi akiwa anaimba, kama mnavyotunza kwenye taarabu. Na tafadhali, hela za kutunza zisikatwe kwenye malipo mliyopatana naye. Hizo ni zake zote.