Bogoria na watoto: wahi kabla jua halijapanda

Likizo ya Agosti ikikaribia, ndugu na majirani huniuliza waende wapi na watoto kwa gari, mahali penye wanyama lakini pasiwe pa kukaa garini kutwa mkichungulia madirishani. Mimi huwaambia waende Ziwa Bogoria, huko Baringo. Halafu huongeza sharti ambalo wengi hulipuuza: muwe langoni jua linapochomoza. Anayefika saa sita mchana hukuta joto, mvuke hafifu, ndege walio mbali, na watoto wanaolilia soda baridi. Kisha hurudi akisema Bogoria haina kitu.

Tofauti hiyo inatokana na mahali penyewe. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Bogoria iko chini kidogo ya mita 1,000. Ukishuka kupitia Mogotio, sweta zinavuliwa moja baada ya nyingine. Alfajiri hewa ya ziwani bado ina ubaridi, na mvuke wa chemchemi za maji moto zilizo kando ya ziwa ukikutana nao hugeuka wingu zito unaloliona kabla hujafika. Jua likipanda, maji ni yale yale na moto ni ule ule, ila wingu limetoweka. Wanyama nao hufuata saa hiyo hiyo: kufikia saa nne wameshaingia vichakani.

Kwa hiyo kama unatoka Nairobi, usipange kwenda na kurudi siku moja. Lala Nakuru, au bora zaidi Marigat, ili asubuhi usiwe na safari ndefu gizani. Sipendi kuendesha usiku kwenye barabara ile nikiwa na watoto nyuma. Mbuzi na ng'ombe huvuka bila kuuliza, na bodaboda nyingine hazina taa. Jaza mafuta Nakuru. Mogotio mkipita mchana, simameni kidogo kwenye mstari wa ikweta, watoto waweke mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, wapigwe picha, safari iendelee. Kabla tu ya kuingia Marigat unakata kulia kuelekea Loboi, ambako ndiko kuna lango kuu.

Kagua tairi la akiba kabla ya kuondoka nyumbani. Upande wa Marigat umejaa mathenge, mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukasambaa hadi ukawa balaa. Mwiba wake hutoboa tairi. Maganda yake matamu huozesha meno ya mbuzi, na wakazi wa huko waliwahi kumpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kama ushahidi walipoishtaki serikali. Wanangu wanaipenda hadithi hiyo kuliko simba wote wa Mara, basi huihifadhi hadi tufike penye mathenge yenyewe.

Jambo la langoni: hifadhi hii iko chini ya Kaunti ya Baringo, si Shirika la Wanyamapori la KWS, kwa hiyo viingilio vyake ni tofauti na vya Ziwa Nakuru. Ulizia bei na namna ya kulipa siku moja kabla. Hapo langoni pia muulize askari ni njia gani iko wazi. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010. Barabara ya zamani iliyopita kando ya maji ilimezwa, pamoja na majengo kadhaa. Ramani ya simu inaweza kukupeleka moja kwa moja majini.

Kutoka langoni endesha polepole na vioo vikiwa chini. Hapa ndipo penye tandala mkubwa, na Kenya si mahali pengi unapoweza kumwona kwa urahisi. Dume ana pembe zilizojipinda kama kizibuo, zinazopita urefu wa mita moja, jike hana. Wote wana mistari myembamba myeupe ubavuni, na mistari hiyo ndani ya matawi ya migunga huwaficha kabisa. Watoto huona haraka kuliko sisi. Waambie watafute masikio, wasitafute mnyama mzima, kwa sababu tandala akisikia gari husimama tuli na kitu pekee kinachotikisika ni masikio makubwa ya mviringo. Mtakutana pia na digidigi, ngiri, punda milia na nyani. Chakula kisionekane mbele ya nyani, hata ganda la ndizi.

Kisha Loburu, penye chemchemi.

Hapa ndipo nusu ya siku yenu inapaswa kwenda, kwa sababu hakuna mtoto anayetosheka na dakika kumi. Maji ya mvua na ya vijito hupenya ardhini kupitia nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na miamba yenye moto mkali, kisha hutafuta njia ya kurudi juu. Kule chini maji yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, kwa kuwa yamekandamizwa na maji yaliyo juu yake. Sehemu kidogo ya juu ikimwagika, mkandamizo unapungua, maji ya chini yanageuka mvuke kwa ghafla, na yote hulipuka kwenda juu. Gesi ya kabonidayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake husaidia kusukuma. Mengine huruka kufika kiunoni mwa mtu, mengine mita kadhaa, na mengi hutokota tu bila kuruka. Kwa kimo cha Bogoria maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Mtoto wa darasa la sita ambaye ndiyo kwanza amesoma habari ya kuchemka atakubishia, na ubishi huo ni mzuri.

Usimwahidi mtoto chemchemi fulani aliyoiona kwenye picha. Ziwa likipanda hufunika matundu, na kilichokuwa kinaruka hubaki mapovu juu ya maji. Likishuka, baadhi huibuka tena. Muulize kiongozi wa pale ni ipi inaruka wiki hiyo.

Sasa habari ya usalama, na hapa sina mzaha. Ukingo unaouona mgumu huenda ni tabaka jembamba lililoachwa na madini, na chini yake maji yanatokota. Kijito kinachotiririka kuelekea ziwani nacho huunguza, ingawa hakichemki na kinaonekana kimetulia. Mtoto hukikanyaga akidhani ni maji ya kawaida. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima, si ndara. Mtoto wa chini ya miaka minane hashikwi kwa maneno, anashikwa mkono. Mdogo zaidi abebwe mgongoni kwa mbeleko au leso iliyofungwa vizuri. Simameni upande upepo unakotokea, maana mvuke ukigeuka hufumba macho na mtu akifumba macho hupiga hatua asiyoijua. Sisi kabla ya kushuka garini humgawia kila mtu mzima mtoto wake, kwa jina. Watu wazima wanne wakiwaangalia watoto watatu kwa pamoja, hakuna anayewaangalia.

Beba galoni la maji safi lisiloguswa kwa kunywa. Mtu akiungua, ondoa nguo na kila kinachobana kabla hapajavimba, isipokuwa kilichogandamana na ngozi, kisha mmwagie maji baridi safi kwa dakika 20. Funika kwa kitambaa safi, mwende hospitali. Dawa ya meno, siagi na yai bichi vibaki kwenye kikapu, hata kama nyanya ndiye anayesisitiza.

Na mayai? Watu wengi huchemsha mayai pale, na watoto watakuomba. Mkikubaliwa, kazi hiyo aifanye kiongozi wa pale anayejua pa kusimama, watoto wakiwa mbali, na maganda myabebe mrudi nayo. Yai lenyewe ni yai tu, halina ladha ya ajabu. Lakini mwanangu aliyekuwa hali mayai nyumbani alikula mawili.

Ziwani kwenyewe hakuogeleki. Maji yana chumvichumvi na magadi, yanawasha macho, na samaki hawaishi humo. Kinachostawi ni mwani mdogo wa kijani, nao ndio chakula cha heroe wadogo, wale flamingo waridi. Mpe mtoto darubini, amwangalie mmoja tu kwa muda mrefu: kichwa kimepinduliwa, mdomo uko juu chini, anachuja maji na kubakiza mwani. Rangi yake ya waridi inatoka kwenye chakula hicho. Hukusanyika zaidi karibu na midomo ya vijito na chemchemi, kwani hapo hupata maji yasiyo makali ya kunywa na kujiosha, kwa hiyo hamhitaji kuwafukuzia ufukweni kote. Furukombe, tai ambaye kwingine huishi kwa samaki, hapa hukamata heroe. Tukio hilo likitokea mbele ya watoto, acha walione.

Miaka mingine heroe hapa wamepita milioni moja. Mwaka wa mafuriko maji huzimua mwani na wao huhamia kwingine. Kwa kuzaliana hutegemea zaidi Ziwa Natron, Tanzania. Nanyi mnaweza kuwakuta wachache tu.

Chukueni kiongozi kutoka jamii ya pale, na si kwa ajili ya njia peke yake. Waendorois waliishi kandokando ya ziwa hili hadi walipoondolewa baada ya hifadhi kutangazwa mwaka 1973. Kwao roho za wahenga zimo ziwani. Walipeleka kesi yao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 ukatangazwa uamuzi uliowapa haki. Watoto wangu waliuliza maswali ambayo mimi nisingeweza kuyajibu, na kijana aliyetuongoza aliyajibu bila kusoma popote.

Saa tano ikigonga, ondokeni. Mtashawishika kuunganisha na Ziwa Baringo, kwa kuwa liko karibu na lina viboko, mamba na mashua za Kampi ya Samaki. Mimi siunganishi. Mchana huo watoto wamechoka, jua ni kali, na baadaye upepo huyatibua maji. Kama mna usiku wa pili, laleni Kampi ya Samaki, mpande mashua asubuhi mkiwa mmevaa jaketi za kuokolea. Huko maji yalipopanda hata twiga walizingirwa kisiwani Longicharo, wakavushwa kwa jahazi la chuma, wa mwisho Aprili 2021.

Mkirudi, mtaona chupa za asali zimepangwa kando ya barabara. Onja kabla ya kununua, omba iliyo nzito na nyeusi, na uzifunge chupa vizuri kabla ya kuziweka kwenye buti. Zikiwa na joto la Marigat huvuja.