Maswali kwa Fundi: Betri ya Pili Haijai

SWALI: Assalam aleikum fundi. Nina Hiace niliyoitia kitanda na friji ya volti 12, napeleka wageni Tsavo Mashariki. Betri ya pili ni ya asidi, ampea-saa 100, iko nyuma, na inachajiwa na alteneta kupitia relei, ile swichi inayoiunganisha na betri ya mbele injini ikiwaka. Kutoka Malindi hadi geti la Sala injini inanguruma saa mbili au zaidi, lakini kabla ya alfajiri friji imezima. Nimeambiwa ninunue betri mpya. Ninunue?
Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam. Usinunue bado, ndugu. Chukua mita ya volti. Washa injini, friji ikiwa inafanya kazi, kanyaga mafuta kidogo, upime betri ya mbele kisha ya nyuma. Ya mbele isome 14.2 hadi 14.6. Ikiwa chini ya 13.5, kagua mkanda na alteneta. Ikiwa ya mbele iko vizuri lakini ya nyuma inasoma 13.5, umeme unapotea njiani, na betri mpya nayo itakufia vivyo hivyo.

Mara nyingi kosa ni waya mwembamba. Mafundi wengi huvuta ule wa milimita za mraba 2.5 wa soketi za nyumbani. Kwa mita 5, ukipitisha ampea 20, waya huo unakula volti 0.7. Wa milimita za mraba 16 unakula 0.1 tu. Weka huo, na fyuzi ya ampea 60 kwenye kila ncha, karibu kabisa na betri. Fyuzi moja haitoshi: waya una betri pande zote mbili, ukichubuka na kugusa bodi, upande usio na fyuzi utawasha gari moto.

Kabla ya kubadilisha waya, tafuta upotevu uko wapi. Injini ikinguruma, gusa chanya ya mbele kwa ncha moja ya mita na chanya ya nyuma kwa nyingine. Fanya hivyo pia hasi kwa hasi. Ikizidi 0.2, upande huo una ila. Kwa gari la Malindi, anzia kwenye hasi. Bolti ya ethi inayoshika bodi huliwa na hewa ya chumvi chini kwa chini, juu ukiiona nzima. Ondoa kwanza hasi za betri zote mbili, fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Relei nayo ipime kutoka tamino nene moja hadi nyingine, ikizidi 0.1, ndani imeungua.

Hata hivyo, fanya hesabu. Friji hiyo huvuta kama ampea 4, na kwa joto letu hufanya kazi nusu ya siku, yaani jumla ya saa 12: 4 mara 12 ni ampea-saa 48. Betri ya asidi usiitoe zaidi ya nusu, yaani 50. Gari likilala bila kutembea siku ya pili, hakuna kilichobaki. Sola ya wati 200 juu ya paa, pamoja na kontrola yake ya kudhibiti chaji, ndiyo inayokufaa.

Betri yenyewe ijaribu hivi: ichaji nyumbani usiku kucha, ichomoe kila kitu, iache itulie kwa muda wa saa 12. Ikishuka chini ya 12.4, hapo sasa nunua.

SWALI: Betri ya taa za mashua yangu inatoa unga mweupe na kijani kwenye tamino. Niioshe kwa kitu gani?
Msomaji, Lamu

JIBU: Kijiko cha magadi ya kupikia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kwa mswaki wa zamani. Hakikisha vifuniko vimekazwa, tone lisiingie ndani. Suuza, kausha, kaza tamino, paka grisi. Maji ya betri ongeza baada ya kuchaji, na yawe yale ya dukani yaliyosafishwa. Ya kisima yana chumvi, huua betri.