Kwa mnaoanza kusoma nishati ya seli za kinga

Ninyi mnaoanza mafunzo ya maabara hapa Tabora mtakutana mapema na somo la umetaboli wa seli za kinga, yaani jinsi seli hizo zinavyotumia virutubisho kupata nishati na kujijenga, na wengi hulikabili kwa kukariri hatua za kemia bila kujua zinaelekea wapi. Kabla ya kuuliza seli inapata nishati kiasi gani, ulizeni kwanza inafanya kazi gani wakati huo.

Seli T, aina ya chembe nyeupe ya damu, ikiwa imetulia hutegemea zaidi mitokondria, vijiumbe vya ndani ya seli vinavyozalisha nishati, ambako molekuli moja ya glukosi huweza kutoa takribani molekuli 30 za ATP, kibebanishati cha seli. Ikishatambua kimelea na kupata ishara ya pili kupitia kipokezi CD28, huongeza milango ya glukosi kwenye utando wake na kuegemea glaikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi nje ya mitokondria, inayotoa ATP 2 tu, hata oksijeni inapokuwa tele. Wanafunzi hukwama hapa kwa sababu wanaona hasara tupu. Lakini seli inayojiandaa kugawanyika inahitaji pia malighafi ya kujengea DNA, protini na utando, na sehemu ya kaboni ya glukosi huchepushwa njiani kwa kazi hiyo. Protini iitwayo mTOR husukuma ujenzi huo virutubisho vinapotosha, ilhali kimeng'enya AMPK huubana nishati inapopungua. Zielewe hizo mbili vizuri, maana majina mengine, ambayo kwa kweli ni mengi kupita kiasi, yatazizunguka. Seli T za kumbukumbu, zinazoweza kuishi miaka mingi, huegemea tena mitokondria.

Neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zina mitokondria chache na huishi hasa kwa glaikolisisi, jambo lenye uzito mezani petu. Damu iliyomo kwenye tyubu bado ina seli hai zinazotumia glukosi, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba, na zaidi joto likipanda, kama Oktoba hapa kwetu, au chembe nyeupe zikiwa nyingi mno. Floridi ya sodiamu iliyo katika tyubu ya kifuniko cha kijivu huzuia enolesi, kimeng'enya kimoja cha glaikolisisi, lakini katika saa ya kwanza au zaidi glukosi huendelea kushuka, kwa hiyo tenganisheni plazma mapema. Mtoto mwenye malaria kali huenda sukari yake imeshuka kweli, na sampuli iliyocheleweshwa haitamwezesha daktari kutofautisha hali hiyo na sukari iliyoshukia ndani ya tyubu. Huyo apimwe papo hapo kitandani kwa glukomita.