Istilahi za tiba zisome kuanzia mwisho

Ukisikia "hawatatupikia" hukimbilii kamusi. Unajua ha- inakanusha, -ta- ni wakati ujao, -tu- ni sisi, na mzizi -pik- umekaa katikati ukingojea vyote hivyo. Istilahi za tiba zenye asili ya Kigiriki nazo zimeungwa kwa vipande, ila wanaojifunza huzikariri nzima nzima, na ndiyo maana zinawatoka baada ya mtihani.

Anza na mwisho wa neno, ndipo urudi mwanzo. Chukua thrombocytopenia: -penia ni upungufu, thrombo- ni damu iliyoganda, cyto- ni seli. Basi ni upungufu wa chembe zinazogandisha damu. Anayeshika mwanzo tu hudhani mgonjwa ana bonge la damu, kumbe kinachohofiwa zaidi ni kuvuja damu.

Ile "o" ya katikati ni gundi tu. Hudondoka kiambishi tamati kikianza na irabu: gastritis, lakini gastroscopy. Kati ya mizizi miwili hubaki hata kama wa pili unaanza na irabu, kama katika gastroenteritis, yaani mchochota wa tumbo na utumbo.

Kwenye upasuaji usiharakishe. -tomy ni kukata. -ectomy ni kukata na kuondoa. -stomy ni kufungua tundu, kwa sababu stoma kwa Kigiriki ni mdomo. Hivyo colotomy ni kupasua utumbo mpana. Colectomy ni kuuondoa, wote au sehemu. Colostomy ni kuutolea tundu kwenye ukuta wa tumbo ili kinyesi kipite hapo. Herufi mbili tatu zikikosewa, operesheni imekuwa nyingine kabisa.

Hatari zaidi ni hyper- (kuzidi) na hypo- (kupungua), maana masikioni hukaribiana mno. Mwenye hypoglycaemia, yaani upungufu wa sukari kwenye damu, anahitaji sukari upesi; akipewa insulini kwa kudhaniwa ana hyperglycaemia, anaweza kufa. Unapotoa taarifa kwa mdomo, sema "sukari imeshuka" na utaje kipimo chenyewe.

Mizizi inayofanana ijifunze kwa pamoja, si mmoja mmoja: myo- ni msuli, myco- ni kuvu, myelo- ni uboho au ugwe mgongo (neva kuu ipitayo ndani ya uti wa mgongo). Huu wa mwisho una maana mbili, na jirani yake ndiye anayeamua. Katika osteomyelitis kuna osteo-, mfupa, kwa hiyo ni uboho. Katika poliomyelitis, polios ni kijivu: ni sehemu ya kijivu ya ugwe mgongo.

Ukishapata maana ya vipande, bado fungua kamusi ya tiba. Anaemia kwa vipande vyake ni "bila damu", lakini mgonjwa damu anayo; kilichopungua ni himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni.