Rupia ya fedha ya 1894: mizani haitakuonyesha mwaka uliochezewa

Ndugu uliyeuliza, umesema umeletewa rupia moja ya fedha ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki yenye mwaka 1894, kwamba umeipima ukapata gramu 11.6, kwamba sumaku haiishiki, na kwamba muuzaji anadai bei kubwa kwa kuwa mwaka huo ni adimu. Unataka kujua kama vipimo hivyo viwili vinatosha. Havitoshi, na nitakueleza kwa nini, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe na likanigharimu.

Mizani na sumaku hukamata sarafu bandia, yaani ile iliyomiminwa kwa madini mengine. Sarafu iliyobadilishwa mwaka si bandia kwa maana hiyo. Ni rupia halali kabisa, yenye fedha asilimia 91.7 na uzito wa gramu 11.66 sawa na rupia ya India iliyokuwa imezoeleka pwani, ila fundi amechukua ya mwaka wa kawaida akaigusa tarakimu ya mwisho. Chembe aliyoongeza au kupunguza ni ndogo mno hata mizani ya sonara haitaihisi.

Yangu niliinunua Tanga, kutoka kwa mtu aliyekuwa na sarafu chache katika kopo. Nilipofika nyumbani niliiweka dirishani asubuhi, jua likiwa bado chini, pembeni ya rupia ya 1891 niliyokuwa nayo siku nyingi. Kwa lenzi ya kukuza mara kumi niliona kwanza nafasi: mguu wa ile 4 ulisimama palepale iliposimama 1 ya sarafu yangu ya zamani, na mkono wake wa kushoto ukawa umebanana na 9. Tarakimu 4 iliyochongwa kwa mpango wake huwa na mguu upande wa kulia, kwa hiyo aliyeigeuza 1 kuwa 4 hulazimika kuujaza mkono mahali ambapo hapakuandaliwa nafasi. Kisha niligeuza sarafu taratibu mpaka mwanga ukapita ubavuni, na hapo mikwaruzo myembamba ikajitokeza kuizunguka tarakimu hiyo peke yake, yote ikielekea upande mmoja, alama ya tupa ndogo iliyopitishwa kusafisha risasi ya kulehemia. Chini ya mkono wa 4 palikuwa na mstari wa rangi ya kijivu, ilhali 1, 8 na 9 ziliinuka kutoka kwenye uso wa sarafu bila mshono wowote.

Angalia pia uchakavu. Tarakimu nne zimepita mikononi mwa watu kwa miaka ileile, hivyo haiwezekani tatu ziwe zimelainika na ya nne ikabaki na kingo kali.

Kabla ya lenzi, hata hivyo, ijue miaka yenyewe. Rupia moja za Kampuni zilipigwa kuanzia 1890 hadi 1894, kisha kuanzia 1897 hadi 1902. Ukiona 1895 au 1896, usipoteze muda. Kuanzia 1904 sarafu zilitolewa na serikali ya koloni, si Kampuni, zikaandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA na kutiwa herufi ya kiwanda, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Basi mtu akiibadilisha 90 ya 1904 kuwa 89, maandishi na herufi vitamsuta, kwa sababu rupia ya kweli ya 1894 ina jina DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT na haina herufi ya kiwanda. Wakusanyaji wa Marekani hufuata njia hiyohiyo kwa dola ya fedha ya 1893 ya San Francisco, ambayo zilipigwa 100,000 tu: badala ya kukodolea mwaka, wanatafuta mchirizi mdogo ulioinuka juu ya herufi T ya neno LIBERTY, kwa kuwa muhuri uliopiga sarafu hizo ulikuwa na dosari hiyo.

Usidanganywe na weusi. Fedha ikifungiwa pamoja na kiini cha yai lililochemshwa huwa nyeusi kwa muda mfupi, na weusi huo hufunika mshono vizuri sana. Muuzaji akikuruhusu, tia sarafu katika asetoni safi kwa saa chache. Asetoni haiidhuru fedha, lakini huyeyusha gundi na vanishi, na tarakimu iliyobandikwa inaweza kung'oka yenyewe. Kilicholehemiwa hakitatoka kwa asetoni, hapo rudi kwenye lenzi. Nakusihi usiisugue kwa majivu, dawa ya meno wala magadi, kwa maana ikiwa ni ya kweli utakuwa umeiharibu kwa mkono wako.

Usilipe bado. Mwombe muuzaji akuachie uipige picha tatu za mwaka kwa karibu: moja mwanga ukitoka kushoto, nyingine ukitoka kulia, na ya tatu kamera ikiwa imelala karibu usawa wa sarafu ili kimo cha kila tarakimu kionekane. Ziweke hapa pamoja na picha ya upande wa ngao, nami nitazilinganisha na rupia zangu na kukuambia ninachokiona.