Roshani ikianguka, nani hulipa? Barua kwa mwanangu aliye Maskati

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenifika, na ile picha ya roshani mbovu aliyokutumia mpangaji wa duka nimeikuza nikaitazama vizuri. Unauliza: roshani ya nyumba yenu ya Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ikimwangukia mpita njia, wewe uliye Maskati, mwenye fungu dogo kuliko kaka zako na usiyewahi kuishika kodi mkononi, utaguswa? Na je, si mpangaji ndiye anayekaa mle?

Utaguswa. Mpangaji naye huenda akaguswa, lakini hilo halikutoi wewe.

Nyumba aliiacha marehemu mama yenu. Robo yangu nilikupeni hiba, kwa hiyo ni yenu watatu: kaka zako mbili mbili, wewe moja, katika tano. Hesabu hiyo ni yenu wenyewe, ya kugawana kodi na gharama. Mpita njia atakayevunjika bega haimhusu. Anaweza kumshitaki mmoja wenu kwa fidia yote, kisha nyinyi mkadaiana baadaye. Na nilivyowaona mawakili miaka yangu ya ukarani pale mahkama ya Vuga, humtafuta kwanza mwenye mshahara unaojulikana.

Kaka yako mdogo anasema ati ardhi ni ya Serikali, basi lawama ni yao. Kweli, Sheria ya Umiliki wa Ardhi namba 12 ya 1992 inasema ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia. Lakini anayepangisha nyumba ile na kula kodi yake ni nani? Na ile makala uliyonitumia, inayotaja Sheria ya Ardhi ya 1999, iweke kando. Hiyo ni ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano.

Sasa nikwambie lililonikosesha usingizi. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, vina mas-ala ya ukuta ulioinamia njia. Kwa Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, mwenye ukuta hulipa ukianguka ikiwa alikwisha kuonywa, akapata muda wa kuubomoa, asifanye kitu. Waothmani wa Uturuki wakaiandika kanuni hiyo katika Majalla, kitabu chao cha sheria. Sisi ni Mashafii, na shauri la fidia kama hili halitaenda kwa kadhi, lakini mantiki yake ni nzito: onyo ndilo linalobadilisha mambo.

Mahkama zetu za kawaida zilirithi sheria ya Kiingereza, nayo ni kali zaidi. Katika kesi ya Wringe na Cohen, iliyomo katika ripoti za hukumu za 1940, ukuta wa nyumba iliyopangishwa uliporomoka katika dhoruba ukaharibu duka la jirani. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na wajibu wa matengenezo. Akajitetea kwamba hakujua ukuta ni mbovu. Mahkama ikasema kujua au kutojua si hoja. Jengo lililo kando ya njia likiwa hatari kwa kukosa matengenezo, mwenye wajibu huo atalipa. Anasalimika tu ikiwa hatari imeletwa na mtu asiyehusika au na jambo la maumbile lililojificha, mfano ardhi kutitia chini kwa chini, naye hakujua. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahkama zetu, ila husikilizwa.

Kwa hiyo kwa kanuni ya pili, ya Kiingereza, ungekuwa hatarini hata bila ya picha ile. Kwa kanuni ya kwanza, ya fiqhi, sasa umeonywa, tena kwa maandishi yenye tarehe. Kaka yako anakushauri uufute ujumbe wa mpangaji. Usiufute. Mpangaji anayo nakala, na atakayeonekana ameficha kitu ni wewe.

Upande wa mpangaji: mwaka 1876 mahkama ya Uingereza iliamua kesi ya Tarry na Ashton. Taa iliyoning'inia juu ya njia London ilimwangukia mwanamke, na aliyelipa ni mpangaji aliyekuwa akikaa katika nyumba hiyo, ijapokuwa alikwisha kumpa fundi kazi ya kuitengeneza. Basi mpangaji wenu asidhani yumo salama, khasa kwa kuwa kile kiyoyozi amekipachika mwenyewe na maji yake yanadondokea vichwa vya boriti. Nyinyi nanyi msidhani kumwita fundi peke yake kunamaliza wajibu. Kazi yake ikaguliwe. Na kile kifungu cha mkataba kinachosema matengenezo yote ni juu ya mpangaji kitakusaidieni kudaiana naye. Mpita njia hakutia saini mkataba wenu.

Habari ya kumtoa mpangaji kwa kubadilisha kufuli, sahau. Bila ya amri ya mahkama mtakuwa na kesi mbili badala ya moja. Tena ndiye pekee aliyesema kweli kuhusu hali ya nyumba.

Kazi yenyewe haiwezi kungoja masika. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Maji yakipenya hayatoki upesi, na mkipaka saruji juu yake mnayafungia ndani yaozeshe boriti. Beit el Ajaib yenyewe, jumba la Sultani Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa katika ukarabati, wakafa watu wawili. Nataka fundi wa chokaa, si huyu wa matofali anayependwa na kaka yako kwa bei yake.

Leo hii nimemwomba mpangaji asogeze meza zake na tuweke kizuizi chini ya roshani. Sheha nimempa habari. Roshani itategemezwa kwa magogo, na maombi ya ukarabati yatapelekwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani bila ya kibali chao haiguswi, na roshani ya mbao hairuhusiwi kugeuzwa ya zege. Mpangaji amejitolea kulipia kiasi na kukata katika kodi. Nimekubali kwa ulimi tu. Nataka maandishi yenye kiwango, na risiti kwa kila shilingi.

Kilichobaki ni saini yako. Nenda ubalozi wetu hapo Maskati, andika uwakala kwa kaka yako mkubwa, wa ukarabati na mkataba wa duka tu. Usiandike kuuza. Nitumie nakala kabla ya Ijumaa, fundi anataka malipo ya kwanza.

Wasalaam,
Baba yako