Kabla Hujarusha Jahazi la Karatasi Kwenye Maji

Mara ya kwanza kurusha picha zangu juu ya pazia la maji hapa Bagamoyo, nilikuwa nimekaa siku tisa nikikata magamba ya samaki wa karatasi kwa wembe, moja moja. Majirani wakaja ufukweni, projekta ikawashwa, magamba yote yakapotea. Lilibaki doa jeupe linaloyumba. Niliumia sana, maana samaki yule mezani alikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Nawaandikia vijana wa sanaa wanaonijia wakiwa na video ya World of Color kwenye simu. Onyesho hilo la picha zinazorushwa juu ya maji lilizinduliwa mwaka 2010 katika bustani ya burudani ya Disney California Adventure, kule Anaheim, Marekani, likiwa na chemchemi karibu 1,200. Wanachosahau wengi wanaotaka kufanya hivyo kwa karatasi ni kwamba karatasi yenyewe haiguswi na tone. Kazi huchongwa mezani, hupigwa picha, na picha ndiyo inayotupwa juu ya maji.

Na maji si ukuta. Ni matone, na kati ya matone kuna uwazi. Mwanga mwingi hupenya kwenda mbele, kwa hiyo projekta hukaa nyuma ya maji, watazamaji upande wa pili. Iweke chini, iinue pua kidogo, mwali upite juu ya vichwa vyao usiwachome macho. Nyaya zikae mbali na maji kabisa, hapo usibahatishe. Kisha jua hili: kwenye maji hakuna rangi nyeusi. Penye weusi mtu anaona usiku tu. Basi kata umbo moja kubwa, ulipige picha juu ya kitambaa cheusi, nalo litaelea lenyewe gizani.

Uhai wa karatasi ni kivuli. Tumia taa moja, itoke ubavuni. Ukiwasha mbili za kukabiliana, kazi inakuwa bapa kama stempu. Jahazi langu la sasa ni mawimbi matatu ya manila nyeupe na tanga. Kati ya tabaka na tabaka nabandika vipande vya boksi la viatu, unene wa kidole, wimbi la mbele limwagie kivuli la nyuma. Tanga sikulikata urembo wowote. Nililivuta tu kwenye ukingo wa rula, taratibu, mpaka likajipinda kama limeshika upepo. Hilo ndilo lililowafanya wazee waliokuwa mchangani wanyamaze. Ili mawimbi yatembee, nayasogeza kidogo sana na kupiga picha, 12 kwa kila sekunde moja ya onyesho. Sekunde kumi ni picha 120. Usikimbilie.

Kama huna pampu kubwa ya kurusha pazia la maji, tundika chandarua cheupe chini ya bomba la plastiki ulilolitoboa matundu madogo. Nyuzi hushika matone, na picha inakaa vizuri kuliko kwenye maji matupu. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisha.

Mwisho, hewa ya bahari. Niliwahi kuacha tanga dirishani usiku mmoja, asubuhi nikalikuta limelegea na kujikunja kama jani la mgomba. Siku hizi nikinyanyuka tu mezani, jahazi naliingiza kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, hata kama limebaki wimbi moja.